Fremu ya Mbao Ngumu kwa Spika za Paneli: Dalili, Chanzo na Tiba

Spika za paneli bapa hazina boksi. Zile za sumaku, kama ambazo kampuni ya Magnepan ya White Bear Lake, Minnesota, imekuwa ikitengeneza tangu Jim Winey alipoianzisha mwaka 1969, zina kiwambo chembamba cha plastiki kilichobandikwa waya, kimewambwa mbele ya safu za sumaku. Sumaku hizo zimekaa juu ya bamba la chuma lenye matundu, na kati yake na kiwambo kuna nafasi ya milimita chache tu. Fremu nyingi za kiwandani ni za MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi. MDF ikishapigwa na unyevu wa kontena, halafu ikapokelewa na mvua za Kampala za Aprili, inavimba pembeni na skrubu hazishiki tena. Ndipo mwenye spika anakwenda Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, kutafuta mvule.

Fremu mpya inatoka nzuri, jirani wanasifu, na baada ya muda malalamiko yanaanza: inachakacha, imejisokota, pembe zimeachana, besi imekimbia. Katika fremu ninazoletewa kurekebisha, chanzo mara nyingi ni kimoja. Fundi ametengeneza fremu ya picha, yaani kitu cha kubana. Fremu ya spika inatakiwa inyooke, iwe nzito na ngumu, ishike paneli isiyumbe, lakini mbao yenyewe ibaki na pa kutanukia na kusinyaa bila kuivuta paneli. Dalili karibu zote zilizo hapa chini zinarudi hapo, isipokuwa chache ambazo fremu inasingiziwa.

Kosa ni la fremu kweli?

Zima muziki, acha amplifaya ikiwa imewashwa. Mvumo ukiendelea, usiguse fremu. Umeme wetu ni wa volti 240 na 50 Hz. Amplifaya iliyonunuliwa Marekani imeundwa kwa volti 120 na 60 Hz, kwa hiyo hapa inakula kupitia trafo ya kushushia umeme. Trafo iliyoundwa kwa 60 Hz pekee, ukiipa 50 Hz, inapata moto zaidi na inaguna. Mara nyingine hata si spika inayovuma. Ni trafo iliyofichwa nyuma ya kochi.

Kama kelele inakuja na muziki tu, badilishana nafasi za spika: ya kulia iende kushoto, waya zibaki zilipokuwa. Kelele ikihama na spika, shida imo ndani ya spika. Ikibaki upande uleule, shida ni waya, amplifaya au chumba.

Jaribio la tatu ndilo linalomaliza ubishi. Toa paneli kwenye fremu, iegemeze kwenye godoro, ipigie wimbo wenye besi kwa sauti ya chini. Ikichakacha hata hapo, kuna uwezekano mkubwa waya umebanduka kwenye kiwambo. Ni ugonjwa unaojulikana wa paneli za zamani: gundi inazeeka, waya unaachia sehemu na kuanza kupiga kiwambo. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na hakuna mvule wala mkangazi utakaoiponya.

Tahadhari moja kabla ya kuilaza mezani. Sumaku hizi haziombi ruhusa. Bisibisi ya chuma ikiteleza mkononi inaweza kurukia paneli na kutoboa kiwambo. Fagia benchi lote, maana unga wa chuma kutoka kwa jirani mwenye mashine ya kukatia vyuma unaingia kwenye matundu na hautoki kirahisi. Kamwe usisugue fremu kwa sufi ya chuma paneli ikiwa karibu. Kwa skrubu, tumia za shaba, au za chuma cha pua cha aina isiyoshikwa na sumaku. Uijaribu kwa sumaku dukani kabla hujalipa.

Inachakacha kwenye besi

Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni. Iunganishe na amplifaya, weka sauti ndogo, anza 30 Hz na upande polepole hadi 200 Hz. Polepole maana yake ni kusikiliza kila hatua, si kutelezesha kidole. Kelele itaamka mahali fulani, tuseme 62 Hz. Iache toni hapo, halafu anza kutafuta.

Anza na chumba. Vioo vya dirisha vya kulala, kabati la vikombe, dari ya plaiwudi iliyopigiwa misumari michache, hata ufunguo ulioachwa kwenye kitasa. Ukishikilia kioo kwa kiganja na kelele ikanyamaza, umeokoa kazi ya mchana mzima.

Ikiwa ni spika kweli, chukua kipande cha mpira mwembamba wa maji, urefu wa kama mita moja. Ncha moja iweke sikioni, nyingine itembeze kandokando ya fremu, sentimita mbili kutoka kwenye mbao. Masikio peke yake yanadanganya, kwa sababu sauti ya paneli imejaa chumba kizima. Mpira unakuonyesha kona hasa. Ukifika penye kelele, bonyeza mbao hapo kwa kidole gumba. Ikibadilika sauti au ikanyamaza, umefika.

Ninachokikuta mara kwa mara ni hiki. Bamba la chuma linagusa mbao moja kwa moja katika sehemu moja au mbili, na sehemu nyingine limeachana na mbao kwa unene wa karatasi. Penye mguso hafifu ndipo panapochakacha. Fundi anaona dawa ni kukaza bolti zaidi. Kelele inakufa kweli, siku hiyo. Lakini bolti imelivuta bamba kufuata mbao isiyonyooka, bamba limepinda kidogo, na mkazo wa kiwambo umebadilika. Sasa toni ya chini inasikika tofauti kulia na kushoto, na hakuna anayejua kwa nini.

Tiba yake: toa paneli, safisha kikalio chake kwenye fremu, kisha weka utepe wa feliti au sponji ngumu wa milimita 3 kuzunguka pote. Utepe unajaza tofauti ndogo ndogo na kuzuia chuma kisiguse mbao. Kaza bolti mpaka utepe uminywe karibu theluthi moja, uishie hapo. Weka washa pana, yaani kipete bapa, chini ya kila kichwa cha bolti.

Pia angalia waya za ndani. Waya ulioning'inia nyuma ya paneli unapiga mbao kwa mdundo wa wimbo. Ufunge kwa kamba ya plastiki au ubandike na feliti. Kitambaa cha mbele nacho, kama kimepigwa stepo mbali mbali, kinapapatika kwenye besi kubwa. Hivi ni vidogo, vinatibika kwa dakika chache, na ndiyo maana navitazama kabla ya kufungua chochote.

Matundu ya bolti yana siri yake. Mbao haitanuki kwa urefu wake kiasi cha kukusumbua. Inatanuka kwa upana. Kwa hiyo miimo, yaani vipande viwili vya kusimama, iko salama kwa kimo chake, lakini upana wake unacheza. Panga bolti zote za mwimo kwenye mstari mmoja karibu na ukingo wa ndani. Mwimo ukivimba, unavimbia nje, paneli haijui. Mataruma, yale ya kulala juu na chini, yanavimba kwenda juu na chini, kwa hiyo kwenye mataruma chonga matundu marefu kidogo ya kusimama ili bolti iweze kuteleza. Ukiweka matundu ya duara yaliyobana kila upande, umeifunga paneli kwenye kitu kinachopumua.

Fremu imejisokota

Dalili: spika inakaa kwa miguu mitatu, au ukiitazama kutoka ubavuni, kona ya juu imekuja mbele kuliko ya chini. Watu hupima mishazari miwili kwa futi ya utepe, wakikuta sawa wanasema fremu iko sawa. Mishazari sawa inakuambia pembe ni mraba. Haikuambii lolote kuhusu kujisokota.

Fanya hivi. Laza fremu, funga uzi uliovutwa ukakaza kutoka kona moja hadi ya mkabala, kisha uzi wa pili kwa kona nyingine. Katikati nyuzi zinapokutana, zinatakiwa zigusane tu, mmoja usiubebe mwingine. Zikiachana, au wa chini ukimnyanyua wa juu, fremu imejisokota. Badilisha uzi wa chini uwe wa juu uangalie tena, maana hali moja huonekana kwa mpangilio mmoja tu.

Chanzo, mara nyingi mno, ni mbao mbichi. Muuzaji atakuambia, "Mzee, hii imekauka, ina miezi hapa." Imekuwa hapo miezi, ndiyo, imelaliana na wenzake bila vijiti vya kupitisha hewa katikati, juu yake turubai. Mbao namna hiyo inakauka nje na kubaki na maji ndani. Simlaumu muuzaji, mteja wake mkubwa ni mjenzi wa paa, na paa halijali.

Pima mwenyewe. Kata kipande chembamba katikati ya ubao, si mwishoni, kwa sababu ncha hukauka haraka na kukudanganya. Kipime kwenye mzani wa jikoni. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, ukitoe kila baada ya saa kadhaa ukipime, mpaka uzito uache kushuka. Chukua uzito wa kwanza, toa wa mwisho, gawanya kwa wa mwisho. Kipande cha gramu 84 kilichoishia gramu 70 kina unyevu wa asilimia 20. Huo ni mbichi kwa kazi yetu.

Kiasi gani kinafaa? Mbao hutulia kulingana na hewa inayoizunguka. Kwenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 80, inatulia karibu na asilimia 16. Hewa ikiwa ya asilimia 50, inashuka hadi karibu asilimia 9. Kwa nyumba ya kawaida ya Kampala, lenga 12 au 13. Lakini uliza spika inakwenda kuishi wapi. Fremu iliyotengenezwa Entebbe kando ya ziwa ikapelekwa Moroto wakati wa kiangazi, mwimo wake wa milimita 100 unaweza kusinyaa karibu milimita moja. Ukiwa umefuata ushauri wa matundu hapo juu, milimita hiyo haina madhara. Usipofuata, itatafuta pa kutokea.

Chanzo cha pili ni mkato. Tazama ncha ya ubao: pete za mti zikiwa zimesimama wima, ubao huo utatulia. Zikiwa zimelala kama mabakuli, utajikunja. Mvule na mkangazi pia zina nyuzi zinazopishana, tabaka moja zinaelekea huku, tabaka linalofuata kule. Kwa hiyo hata ubao mzuri unaweza kujivuta ukikatwa mwembamba. Ninachopendelea ni kupasua ubao mmoja katikati, kugeuza nusu moja, na kuziunganisha tena kwa gundi mgongo kwa mgongo. Zikitaka kujikunja, zinashindana zenyewe.

Cha tatu kinasahaulika: vanishi ya upande mmoja. Mbele panang'aa makoti manne, nyuma pamebaki mbao tupu kwa sababu "hapaonekani". Nyuma panavuta unyevu, mbele hapavuti, fremu inapinda. Idadi ya makoti iwe sawa pande zote, hata ndani ya kikalio cha paneli.

Ikiwa imeshajisokota, usiilazimishe kwa bolti. Kama ni milimita mbili tatu, laza fremu kwenye meza iliyonyooka, randa kikalio cha paneli mpaka kinyooke chenyewe, na uache sura ya mbele kama ilivyo, hakuna atakayeona. Unaweza kuongeza pembe ya alumini nyuma ya kila mwimo, ndani ya mfereji, ikishikwa kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu. Alumini, si chuma, kwa sababu ya zile sumaku. Ikizidi hapo, kata upya. Mbao iliyoamua kwenda haibembelezwi.

Pembe zimefunguka

Kama umeunganisha kwa pembe za digrii 45, ufa wenyewe unakueleza kilichotokea. Ufa ukifunguka upande wa ndani na ncha za nje bado zimegusana, mbao imesinyaa tangu ulipoikata: ilikuwa mbichi, au imehamia mahali pakavu. Ufa ukifunguka nje na ndani pamebana, mbao imevimba. Kujaza ufa kwa unga wa mbao na gundi ni kujidanganya, maana msimu ukigeuka ule ujazo unakuwa kabari inayoendelea kupasua.

Kwa fremu ya kimo cha mita moja na nusu na zaidi, sipendi digrii 45 kabisa. Inapendeza, ila eneo la gundi ni dogo na sehemu kubwa yake ni ncha za mbao, ambazo hunywa gundi na kuacha kiungo kikavu. Tundu na ulimi ndiyo sahihi. Ukiwa huna zana za kutosha, kiungo cha nusu kwa nusu kinatosha: kila kipande kimepunguzwa nusu ya unene, kimoja kimelala juu ya kingine, gundi uso kwa uso, na vijiti viwili vya mbao vya kupigilia. Randa nyuso za kiungo siku ileile ya gundi. Mbao iliyokaa wiki na vumbi la karakana haishiki vizuri.

Besi imekimbia

Mwenye spika anasema: "Fundi, kabla ya fremu zako zilikuwa na besi." Usianze kubishana naye, huenda ana haki.

Paneli hizi hutoa sauti pande mbili. Kiwambo kikisukuma hewa mbele, nyuma kinaivuta. Sasa fremu yako ina sura nzuri mbele na nyuma, umefunga paneli ya kushoto ikitazama wasikilizaji, na ya kulia umeigeuza bila kujua. Moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, besi zinauana katikati ya chumba, na mwimbaji anasikika kama yuko kila mahali na hayupo popote. Jaribu: geuza nyaya mbili za spika moja tu, chanya kwa hasi. Besi ikirudi, umepata. Lakini usiishie hapo, fungua uigeuze paneli yenyewe, kwa sababu pande mbili hazisikiki sawa kwenye sauti za juu. Kinga yake haina gharama: kabla ya kutoa paneli kwenye fremu ya zamani, bandika karatasi yenye maandishi MBELE, JUU na KUSHOTO au KULIA.

Ikiwa mwelekeo ni sahihi, tazama mdomo wa fremu. Kuna mafundi wanaochonga mdomo mpana ili kuficha ukingo wa paneli, na mdomo unafunika sehemu ya kiwambo. Mdomo ufunike ukingo wa chuma tu. Na kama paneli imezama ndani ya mbao nene, kuta za shimo hilo zinarudisha sauti za juu. Lainisha ukingo wa ndani kwa mteremko wa digrii 45 mbele na nyuma.

Sauti za juu zikiwa zimetoweka kabisa, angalia nyuma. Baadhi ya modeli zina fyuzi ya twita, yaani sehemu inayotoa sauti za juu, na kipande cha chuma kinachounganisha vituo viwili. Aliyehamisha nyaya kwenda kwenye bamba jipya mara nyingi husahau kukirudisha.

Kisha kuna nyumba zetu. Makochi yamezunguka ukuta wote, na spika zinaambiwa zikae palipobaki, mgongo ukutani. Sauti ya nyuma inagonga ukuta na kurudi haraka mno, ikaivuruga ya mbele. Zinahitaji nafasi ya kama mita moja nyuma yake. Hapo fremu haiwezi kusaidia. Mazungumzo ni ya mwenye nyumba na mama wa nyumba.

Kuhusu swali ninaloulizwa kila mara, kama mvule unatoa besi kuliko mkangazi: hapana. Mbao ya gitaa inatakiwa iimbe, hii yetu inatakiwa inyamaze. Chagua kwa uzito, ukavu na unyoofu. Musizi ni rahisi na inarandika vizuri, ila ni nyepesi, na kwa fremu ndefu ningeikwepa. Mugavu ni mzito na unafaa, ukipata vipande virefu vilivyonyooka, jambo ambalo si la kila siku.

Inayumba

Simama mbele ya spika, gusa kona ya juu kwa kidole kimoja. Ikitikisika na kurudi mara kadhaa kabla ya kutulia, kiwambo kikisukuma hewa fremu nzima nayo inarudi nyuma, na sauti inapoteza makali. Miguu ya kiwandani mara nyingi ni vipande vya chuma vyembamba. Weka mkono wa mbao au wa bomba la alumini kutoka nyuma ya mguu hadi karibu na katikati ya kimo cha mwimo, kila upande. Hii peke yake hufanya tofauti kubwa kuliko aina yoyote ya mbao. Sakafu ya saruji ikiwa haijasawazika, tumia bolti za kurekebisha urefu kwenye miguu, na chini yake washa nene zisitoboe vigae. Nyumba yenye watoto, panua mguu kwenda nyuma na mbele. Fremu ya mvule ikimwangukia mtoto si jambo la mchezo.

Vanishi haikauki

Kidole kinaacha alama baada ya siku tatu, hasa kwenye mvule. Mti huu una kemikali ya asili inayochelewesha baadhi ya vanishi kukauka. Kwangua, futa kwa thina, paka koti moja jembamba la shelaki kama kizuizi, liache likauke, ndipo uendelee. Mvua nayo inachangia: ukinyunyizia vanishi ya NC (nitroselulosi) mchana wa mvua inageuka nyeupe kama ukungu, kwa sababu thina inapovuka inapoza uso na unyevu unatua juu yake. Subiri asubuhi kavu.

Vaa barakoa unaposugua mvule. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Na meno ya msumeno yakikatika ghafla, usimlaani aliyeyanoa: mvule hubeba ndani yake madini magumu ya chokaa, mafundi huyaita mawe.

Paka vanishi paneli ikiwa chumba kingine, na usiirudishe mpaka harufu iishe. Mvuke wa thina haupatani na gundi ya kiwambo.

Paneli za umeme tuli

Hizi ni jamii nyingine, ukoo wa spika ya Quad ya Peter Walker iliyotoka Uingereza mwaka 1957. Hazina sumaku, kiwambo kinabeba chaji ya volti elfu kadhaa. Dalili yao kwenye fremu ya mbao ni mlio wa kutatarika au sauti kupungua taratibu siku za mvua. Sababu: mbao ikipata unyevu, uwezo wake wa kuzuia umeme unashuka sana, na chaji inavuja kupitia fremu. Kipande chochote chenye umeme kikae juu ya plastiki ngumu au akriliki, si juu ya mbao, hata iwe kavu kiasi gani siku unapoifunga.

Usizifungue kama hujui unachofanya. Zikizimwa, chaji inabaki ndani kwa muda. Chomoa kwenye ukuta, ziache zipumzike, na uthibitishe kwa kipimo kinachomudu volti hizo kabla ya kuweka mkono.

Unga sakafuni

Vilima vidogo vya unga laini chini ya fremu, na vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini kwenye mbao: ni fukusi. Hawa hupenda sehemu nyeupe ya nje ya mti, yenye wanga, na kiini cha mvule hawakigusi kirahisi. Kata nyeupe yote kabla ya kuanza kazi, hata kama ubao unapungua. Ikiwa fremu imeshaliwa, toa paneli kwanza, ndipo upige dawa ya wadudu wa mbao kwenye vitundu kwa sindano, uiache ikauke mahali penye hewa. Vitundu vikiwa vimejaa karibu na viungo, usihangaike na dawa: chukua vipimo, chomeni fremu ile, mkate nyingine.